Mkono Haufundishwi kwa Maneno Matupu

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha utakabidhiwa, pamoja na masomo mengine, kazi ya kufundisha mambo yanayokaa mkononi zaidi kuliko kichwani: kushika kalamu, kupiga mstari, kushona, kupalilia, kufinyanga. Katika kazi hiyo walimu wengi hufuata mojawapo ya njia mbili. Mmoja huandika hatua za kazi ubaoni, na wanafunzi wakazinakili. Mwingine hutenda mwenyewe kwa ustadi mbele ya darasa, kisha husema, "Haya, nanyi fanyeni." Maoni yangu ni kwamba njia hizo mbili, kila moja ikisimama peke yake, hazitoshi kumfikisha mtoto kwenye ustadi. Nitaeleza sababu kwa mfano wa uvuvi.

Wakazi wa Same na Mwanga wanawajua wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika mto Pangani katika miaka ya 1960. Hao huvua perege na kambale kwa nyavu na ndoana. Lakini uko uvuvi mwingine unaomfaa zaidi mwalimu kuutafakari. Katika nchi jirani ya Kenya, samaki aitwaye trauti aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mito ya safu ya Aberdare. Samaki huyu hula wadudu. Kwa hiyo huvuliwa kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya juu ya ndoana ndogo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Chambo cha kawaida chenye chubwi kina uzito, nacho huuvuta mshipi kikirushwa. Nzi wa manyoya hana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nao ni mzito na mnene kuliko mishipi mingine. Mvuvi huinua ufito wake, akaongeza kasi kidogo kidogo, kisha akausimamisha ghafla unapopita wima kidogo tu. Mshipi huruka nyuma yake ukiwa umejikunja kama kitanzi. Hungoja mpaka kitanzi kikunjuke na mshipi unyooke, ndipo aulete ufito mbele na kuusimamisha tena. Mshipi hukunjuka juu ya maji, na nzi hutua taratibu.

Anayeanza kujifunza hukosea karibu daima katika mambo mawili. Huulaza ufito nyuma mno, na mshipi ukaanguka majanini; au hurudi mbele kabla mshipi haujanyooka, nao ukalia kama kiboko cha mchunga ng'ombe. Akiona ameshindwa, huongeza nguvu. Na kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo anavyozidi kuharibu. Kijana mwenye misuli hana faida hapa kuliko mzee aliyejua kungoja.

Sasa tuulize: mtu huyu afundishwe vipi? Akiambiwa, "Ngoja mshipi unyooke," atayakariri maneno hayo bila kujua kungoja huko ni kwa muda gani, maana muda huo hubadilika kwa kadiri ya urefu wa mshipi. Akimtazama fundi, ataona mkono ukienda mbele na nyuma, lakini hataona kule kusimama, kwa sababu hakuchukui hata nukta moja. Mwalimu mwema hufuata utaratibu huu.

Kwanza, humtoa mwanafunzi majini. Humpeleka kwenye uwanja wa majani, akaondoa ndoana na kufunga kipande cha sufi mahali pake. Samaki akiwapo, mwanafunzi humwaza samaki na kuusahau mkono wake.

Pili, huanza na mshipi mfupi, na hauongezi mpaka ule mfupi utii.

Tatu, humwambia mwanafunzi ageuze kichwa autazame mshipi nyuma yake. Kwa njia hiyo kazi yenyewe humwonyesha kosa, wala hahitaji kungoja hukumu ya mwalimu.

Nne, husahihisha kosa moja kwa wakati mmoja. Mtu aliyeambiwa habari za kiwiko, kifundo cha mkono, miguu na macho kwa pamoja hatarekebisha hata kimoja.

Tano, humpa mazoezi mafupi ya kila siku kuliko kumchosha siku moja nzima, kwa kuwa mkono uliochoka hujifunza makosa.

Utaratibu huu hauhitaji mto wa trauti. Mtoto wa Darasa la Kwanza anayeandika herufi "a" yu katika hali ile ile: hukamua kalamu kwa nguvu, na mwalimu humwambia mambo matano kwa pumzi moja. Mwache aandike herufi kubwa mchangani kwa kidole, ajilinganishe na mfano ulio mbele yake, kisha umrekebishe jambo moja.

Najua mtaniambia kwamba darasa lina watoto wengi, vifaa ni haba, na mtihani huuliza maandishi. Kuhusu wingi, wapangeni wawili wawili, mmoja atende na mwenzake atazame jambo moja mliloliteua. Kuhusu vifaa, fito na kamba zimejaa vijijini. Kuhusu mtihani, kumbukeni kwamba Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa elimu ya kupasi tu, na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 nayo inadai umahiri.

Hasara ya kupuuza jambo hili tumekwisha kuiona katika milima yetu wenyewe. Katika karne ya 19 wahunzi wa Upare, wa ukoo wa Washana, walijulikana kwa kuyeyusha chuma, na chuma cha Ugweno kiliuzwa hata kwa Wachaga. Ufundi huo ulirithishwa mkono kwa mkono, kijana akiwa kando ya mvukuto wa mzee wake. Chuma cha ng'ambo kilipoingia kwa wingi, vijana hawakuwa na sababu ya kukaa pale, na kazi ya kuyeyusha ikakoma. Habari zake tunazisoma vitabuni. Lakini mtu aliyezisoma hawezi kwa hizo peke yake kuwasha tanuri na kutoa jembe.

Basi, unapoandika andalio la somo la ufundi wowote, jiulize swali moja: katika dakika 40 hizi, mikono ya watoto itatenda kwa dakika ngapi? Ikiwa jibu ni chini ya nusu, andika upya.