Lugalo Si Hospitali Tu

NJIA PANDA
Na Nikodemu Mwalongo

Mwulize mkazi wa Dar es Salaam Lugalo ni wapi, atakuelekeza kwenye hospitali ya jeshi. Lugalo iliyozaa jina hilo iko huku kwetu Iringa, kando ya barabara kuu. Mabasi ya Mbeya huipita kila siku, abiria wamesinzia.

Jumatatu ya 17 Agosti 1891 msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulifika hapo. Alikuwa na Wazungu wapatao 13, askari zaidi ya 300, wapagazi karibu 170, mizinga na bombomu. Njiani alikuwa amechoma vijiji. Wahehe walijilaza vichakani na mikuki yao, wenye bunduki wakiwa wachache. Msafara ulikuwa mrefu, watu wakifuatana mmoja mmoja, na mizinga ingali mizigo. Bunduki moja ilipolia, Wahehe waliinuka wote, na baada ya dakika chache Nyundo alikuwa maiti. Askari wapatao 250 walianguka pamoja naye, na wapagazi karibu 100.

Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujipanga upya. Oktoba 1894 walirudi na mizinga yao, safari hii ikiwa tayari kupiga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa, mkuu wa Wahehe, alikimbilia porini akapigana tena miaka minne, hadi alipojipiga risasi Julai 1898. Kwa maoni yangu, nguvu yake ilikuwa vichakani. Ukuta wa Kalenga uliwapa adui mahali pa kulenga. Fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kila mtoto wa Iringa amesikia habari zake.

Ninaowawaza mimi ni wale wapagazi. Hawakuja kutawala mtu. Walibeba mizigo ya wengine, wakafia katika vita ambavyo havikuwa vyao. Hata askari wengi walikuwa Waafrika, waliotolewa Sudani na Msumbiji. Mnara uliosimama Lugalo ulijengwa na Wajerumani kumkumbuka Zelewski na wenzake. Mashujaa walioshinda siku ile, na wabeba mizigo waliokufa, hawakujengewa mnara na mtu yeyote enzi zile.

Tena tuambiane ukweli wote, sisi wa Nyanda za Juu. Wasangu, watu wa chifu Merere, walikuwa wamefukuzwa Usangu na Wahehe, wakajenga ngome yao Utengule, karibu na Mbeya ya leo. Mjerumani alipokuja, walimpokea kama mtu wa kuwarudishia nchi yao. Kuwaita wasaliti ni kuwaonea: ulikuwa uhasama wa majirani wa miaka mingi, na mgeni akautumia. Bibi wa Kisangu akisimulia habari za Mkwawa, msimwambie anyamaze. Ushindi wa Lugalo haupungui kwa sababu jirani naye ana kilio chake.

Walimu wa Iringa na Mbeya, Agosti ijayo msiwapeleke wanafunzi Kalenga kuona fuvu peke yake. Simamisheni basi Lugalo. Washusheni, waonyesheni vichaka, na muwaeleze nani alishinda pale, nani alibeba mizigo, na mnara ule uliwekwa na nani.