Montezuma Ajenga Kilwa, Mswahili Auza Karafuu



Kuna gemu ya kompyuta iitwayo Civilization VI, iliyotolewa mwaka 2016. Ukiifungua unachagua taifa, unapewa kiongozi, unaanza na mji mmoja, na ukiwa hodari unaitawala dunia nzima. Unaweza kuwachagua Waazteki, wale watu wa bonde la Meksiko, na kiongozi wako atakuwa Montezuma. Mwaka 2018 waundaji wa gemu hiyo waliongeza kitu kinachotuhusu sisi watu wa pwani hii: Kilwa Kisiwani. Lakini msishangilie bado, ndugu zangu. Kilwa hawakuiingiza kama taifa. Waliiingiza kama jengo, moja ya maajabu ya dunia, ambalo taifa lolote lenye kiwanja tambarare kando ya maji linaweza kulijenga. Mmarekani anaweza kujenga Kilwa. Mjapani anaweza. Montezuma, ambaye Bahari ya Hindi hakuiona hata ndotoni, anaweza. Mswahili peke yake ndiye hawezi, maana hayumo katika orodha.

Na Zanzibar je? Imo. Imo kama mji mdogo usioongozwa na mchezaji yeyote. Mataifa makubwa yanautumia wajumbe yakigombea urafiki wake, na anayeshinda anapewa mdalasini na karafuu. Basi ndivyo tulivyo humo: jengo la kujengwa na wengine, na duka la viungo.

Hapa Tegeta wanaocheza gemu za namna hii si wengi. Vibanda vyetu, kuanzia Kibaoni hadi Nyuki, vimejaa mpira na mbio za magari. Lakini wapo washikaji wenye kompyuta za mtumba ambao wanazijua sana, na hasira yao naifahamu kwa sababu tunakaa kijiwe kimoja. Wanasema tumedharauliwa. Wanataka Waswahili wapewe taifa lao, sultani wao, jeshi lao na bendera yao, kama walivyopewa Waazteki. Siku hiyo, wanasema, ndipo tutakuwa tumeheshimiwa.

Naandika kuwapinga. Hasira yao siipingi, ni ya haki kabisa. Ninachopinga ni hicho wanachokiomba.

Hebu tutazame kwanza Waazteki wenyewe walipata nini. Mwaka 2000 waliingizwa katika Age of Empires II, katika nyongeza iliyopewa jina The Conquerors, yaani Washindi. Jina la nyumba tayari linakwambia mwenye nyumba ni nani. Humo ndani Mwazteki hana farasi, na hilo ni kweli, kwani farasi waliletwa na Wahispania. Badala yake anao askari wa chui na askari wa tai. Hadithi yao inaanza kwa sehemu inayoitwa utawala wa damu. Katika Civilization VI askari wao wa tai akimshinda adui anaweza kumgeuza kibarua: jana alikuwa askari, leo anabeba matofali ya aliyemshinda. Neno mtumwa halitajwi. Mateka ni faida tu, ni nguvu kazi iliyopatikana bure.

Sasa nawauliza nyinyi mliocheza na Waazteki mpaka macho yakawa mekundu: nani anaweza kunitajia soko la Tlatelolco, lililowaacha Wahispania midomo wazi? Nani amewahi kumsikia Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco aliyekumbukwa kwa mashairi yake? Kimya. Mnachokijua ni chui na damu. Hiyo ndiyo heshima mnayoililia.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Cortés alifika Meksiko mwaka 1519, na Tenochtitlan ikaanguka mwaka 1521. Wahispania mia kadhaa wangeangushaje mji ule mkubwa peke yao? La hasha! Ndui iliwasaidia, na waliosaidia zaidi ni maelfu ya askari wenyeji, hasa Watlaxcala, majirani waliochoshwa na vita vya Waazteki. Watu hawa walikuwa na chuki yao na sababu zao. Lakini fungua Age of Empires II utafute bendera ya Watlaxcala katika orodha ya kuchagua. Hakuna. Gemu inampenda mwenye dola. Aliyekuwa chini ya dola hana mahali pa kusimama, ila kama adui wa kupigwa au rafiki wa kutumwa.

Sasa njoo nyumbani. Sultani mtakayemtaka, najua, ni al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa mtawala wake. Sarafu yenye jina la sultani huyo iliokotwa mbali sana, katika magofu ya Great Zimbabwe. Mwaka 1502 Vasco da Gama akaja na mizinga akadai kodi ya dhahabu, na kutokana na dhahabu hiyo Wareno walitengeneza chombo cha kanisa kilichokamilika mwaka 1506, ambacho mpaka leo kipo katika makumbusho ya Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora. Ilikuwa miaka 16 kabla ya Tenochtitlan. Ukiitazama hivyo, Kilwa ni ndugu wa Waazteki, tena ndugu mkubwa aliyetangulia kuumia. Ina utajiri, ina majengo, ina mvamizi wa kuchukiwa. Gemu tamu kabisa!

Lakini Ibn Battuta huyohuyo anasema kwamba sultani huyohuyo mkarimu alikuwa akiwavamia watu wa bara na kurudi na mateka. Mwaka 1776 sultani mwingine wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa waliotembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa.

Bibi yangu mzaa mama ni Mngindo wa Liwale. Misafara ile ilipita kwao. Sasa niambieni, washikaji: siku hiyo mtakapopewa gemu yenu ya Waswahili, mimi nitakuwa nani? Nitakaa kwenye kiti cha sultani nikibonyeza ili mateka wa kijiji cha bibi wageuke nguvu kazi? Nitashangilia hesabu ikipanda? Mimi leo ni Mswahili wa Tegeta. Kiswahili ndicho ninachokiwazia, ndicho ninachokiandikia na ndicho ninachokiotea. Lakini katika mchezo ule mimi ni Mtlaxcala.

Tena siyo Mtlaxcala wa kufanana moja kwa moja. Watlaxcala walikwenda na mgeni. Wazee wa bibi walimpiga mgeni. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, miaka 400 baada ya Almeida kuupora mji, na Wangindo walikuwamo. Walipigana na Mjerumani pamoja na maakida wake, ambao wengi walikuwa watu wa pwani. Gemu gani itaweza kuliweka hilo? Na itamweka wapi Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani wakamnyonga Kilwa Kivinje mwaka 1895, lakini ambaye alikuwa pia mtu wa biashara ya watumwa? Shujaa na mwenye mnyororo katika kanzu moja! Kwenye gemu angepewa sifa mbili tatu na picha nzuri, basi.

Na ile karafuu ya Zanzibar inayogawiwa kwa marafiki? Mti huo si wa kwetu kwa asili, ulitoka visiwa vya Maluku. Ulienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Seyyid Said, na waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Katika Civilization VI karafuu inawapa raia wa taifa lako raha. Raha! Waliochuma hawaulizwi.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema: wewe kijana, hiyo ni michezo ya watoto, mwandishi anahangaika nayo ya nini? Hao wanasahau kwamba mtoto anayekaa na gemu saa tatu kila siku anasoma historia saa tatu kila siku, hata kama hakuna aliyemwambia kuwa anasoma. Mwalimu wetu wa historia alikuwa na vipindi vichache kwa wiki na kitabu kimoja kwa wanafunzi kumi. Nani atashinda hapo?

Wengine watasema: bora kuwamo vibaya kuliko kutokuwamo. Hao nawajibu kwamba tumo tayari. Katika Europa Universalis IV, gemu ya mwaka 2013, Kilwa inachezwa kama dola, kuanzia mwaka 1444. Mshikaji mmoja wa kijiwe chetu aliipeleka Kilwa mpaka akamfukuza Mreno katika bahari yote. Alifurahi wiki nzima, nami nilifurahi naye, siwezi kukana. Lakini nilipomuuliza watu wa bara ya Kilwa wapo wapi katika dola lake, alinionyesha rangi kwenye ramani na namba ya kodi. Hiyo ndiyo heshima, imekuja tangu mwaka 2013. Imetubadilisha nini? Ametoka hapo akaenda kusoma habari za Husuni Kubwa? Hakwenda.

Hata Kunduchi hakwenda. Kutoka hapa Tegeta mpaka magofu ya Kunduchi ni mwendo mfupi tu, hata kwa miguu unafika. Kuna mabaki ya msikiti wa kale, kuna makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Watu hupita barabarani juu wakiwahi daladala. Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi, nani kati yetu ameandika hata hadithi fupi juu ya waliozikwa pale, au juu ya waliowachimbia makaburi? Tunaandika mapenzi ya mjini na baba tajiri anayekataa posa. Halafu tunamlaumu mtu wa Marekani kwamba hajatuandika!

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Kazi ya kumpa mdomo aliyekuwa chini tunaifahamu, imekwisha kufanywa katika lugha hii. Adam Shafi aliifanya katika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, akaingia mashambani Zanzibar na kuwasimamisha watumishi mbele ya bwana wao. Abdulrazak Gurnah aliifanya kwa Kiingereza katika Paradise mwaka 1994, juu ya kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri wa misafara kwa deni la baba yake, na tangu mwaka 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Riwaya hizo hazimwachii msomaji kukaa juu ya ramani kama Mungu. Zinamshusha chini, kwenye jua na kiu, pamoja na waliobeba mizigo.

Basi madai yangu ni haya. Kwanza, tuache kuomba sultani na bendera. Kama ni kuomba, tuombe pande zote: mji, misafara, na vijiji vilivyokimbia misafara. Pili, vijana wenye ujuzi wa kompyuta wasisubiri kampuni ya ng'ambo. Wakae na sisi wa kalamu, waunde hata gemu ndogo ya simu ambamo mchezaji anaanza na kijiji nyuma ya Kilwa na lazima akifikishe salama mwisho wa mwaka. Tatu, na hili ni la kwetu wenyewe wa jarida hili: kila mmoja aandike jambo moja la ardhi anayoikalia kabla ya kulalamika tena kwamba dunia haimjui.

Mimi riwaya yangu ya Liwale ina sura nne, na wachapishaji wawili wameniambia habari za zamani haziuzi. Huenda. Nitaendelea nayo.

Na gemu ya Waswahili ikija, nitaicheza, nani hataicheza? Lakini kabla sijamchagua sultani nitaitazama orodha mpaka chini kabisa, kuona kama Wangindo wameandikwa.