Ukimya wa Majeruhi Si Dalili ya Nafuu

Pikipiki inapopita penye kamba au waya uliokatiza njia, shingo ya dereva ndiyo hupokea kishindo. Pengine ngozi haichaniki. Majeruhi huinuka, akajikung'uta vumbi, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba hajambo. Watu humpa maji, wakamlaza apumzike. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa zoloto, mahali sauti inapotoka, huenda limevunjika, na uvimbe wake huweza kukua saa baada ya saa.

Tuzitambue dalili. Ya kwanza ni sauti kubadilika baada ya kuumia shingo. Nyingine ni kushindwa kumeza mate, kukohoa damu, kidonda cha shingo kutoa mapovu, na shingo kufura hata ngozi ikiguswa hutatarika chini ya vidole. Pumzi nayo hujieleza: ya kukoroma, huenda ulimi umeziba koo, yenye mlio wa maji, mna damu au matapishi, yenye mlio mwembamba kama filimbi, njia ya hewa imekuwa nyembamba. Mlio ukikoma huku kifua kingali kinahangaika, tusidhani amepata nafuu. Hewa imeacha kupita, na ubongo hauvumilii hali hiyo zaidi ya dakika chache.

Aliye na fahamu aachwe akae anavyoona wepesi, hata kwa kuinama mbele ili damu na mate vidondoke. Asilazimishwe kulala chali, wala asipewe chakula au kinywaji. Jeraha la shingo linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi papo hapo lilipo. Kitambaa kisizungushwe na kufungwa shingoni. Aliyezimia naye anapumua, ageuzwe ubavu na watu kadhaa kwa pamoja, mmoja akishika kichwa, ili shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja. Asiyepumua abinywe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku msaada ukitafutwa. Majeruhi wa shingo asipakiwe mshikaki kwenye pikipiki, na aliyebadilika sauti apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee asubuhi.

Huko daktari huweza kupitisha mpira kooni. Ikishindikana, hufungua tundu dogo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, hewa ipite. Neno hilo la kukata shingo huwatisha jamaa, wakaomba kwanza baba mkubwa apigiwe simu. Tuelewe kwamba tundu hilo mara nyingi ni la muda, nalo huzibwa mgonjwa apatapo nafuu; bali pumzi iliyokatika haingoji kikao cha ukoo.

Basi tuyazungumze haya majumbani mwetu mapema, hasa na vijana wetu wa bodaboda na wazee wenye kauli katika familia, ili siku ya ajali ridhaa isichelewe.