Tabibu wa Wanyonge na Deni Alilotuachia



Ada ya watu wetu ni kuwa maiti husifiwa. Mtu akisha kufa, hata aliyekuwa hasimu yake humtafutia neno jema la kumsema. Kisha mikeka ikakunjwa na kila mtu akenda zake. Leo twataka kumtaja maiti ambaye hakuzaliwa katika kisiwa hiki, wala hakuwa wa dini ya wengi wetu, wala wa rangi yetu. Hatumtaji kwa ajili ya kumsifu tu, maana sifa hazimfai tena. Twamtaja kwa sababu maisha yake ni hoja, na hoja hiyo yaihusu Serikali, na yakihusu chama hiki pia.

Jina lake ni Dr. Paul Farmer. Alizaliwa Marekani mwaka 1959, katika nyumba isiyokuwa na mali. Sehemu ya utoto wake aliishi na wazazi na ndugu zake ndani ya basi, na baadaye ndani ya mashua. Kwa akili na bidii alifika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1990 akatunukiwa huko shahada ya utabibu pamoja na shahada ya juu ya elimu ya anthropolojia. Mtu wa elimu kama hiyo, katika nchi kama ile, aweza kujaza mifuko yake mpaka ikapasuka. Yeye alifariki dunia usingizini tarehe 21 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 62, katika kijiji cha Butaro, kwenye milima ya kaskazini ya Rwanda, mahali alipokuwa akifundisha na kutibu.

Kazi yake aliianza Haiti mwaka 1983, kabla hata hajaingia chuo cha utabibu. Haiti nayo ni nchi ya visiwani. Watu wake ni kizazi cha watumwa waliotolewa Afrika, walioinuka wakawashinda Wafaransa na kutangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikawatoza fidia ya faranga milioni 150, ati kwa kuwapotezea mabwana mali yao, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa ni wao wenyewe waliojikomboa! Fidia ilipunguzwa baadaye, lakini madeni yaliyotokana nayo hayakumalizika mpaka mwaka 1947. Na kuanzia mwaka 1915 mpaka 1934 nchi hiyo ilikaliwa na askari wa Marekani. Basi anayeuliza kwa nini Haiti ni fukara, jawabu lake limo katika vitabu vya hesabu.

Dr. Farmer alikaa katika kijiji kiitwacho Cange. Watu wa Cange walikuwa wakulima wa bondeni, wenye ardhi yenye rutuba kando ya mto Artibonite. Katikati ya miaka ya 1950 likajengwa bwawa la Péligre ili nchi ipate umeme. Maji yakafunika mashamba yao. Umeme ukaenda mji mkuu, na wenye ardhi wakapanda mlimani, kwenye mawe, wasiwe na shamba, wala umeme, wala maji safi ya kunywa. Hapo ndipo tabibu huyu alipoona kifua kikuu, Ukimwi na utapiamlo vikiwamaliza watu, na hapo ndipo alipofahamu jambo ambalo vyuo vingi havikumfundisha: kwamba ugonjwa wa mtu wa Cange haukuanza kifuani mwake. Ulianza siku ile maji yalipopanda juu ya muhogo wake.

Sisi ni watu wenye imani, na kudra ya Mwenyezi Mungu twaikubali. Lakini tusimsingizie Mola kwa yale yaliyotendwa na waja wake. Mzazi akifa njiani kwa kukosa chombo cha kumfikisha hospitali, kifo ni amri ya Mungu, lakini kukosekana kwa chombo ni amri ya nani? Swali hili ndilo alilolishika Dr. Farmer maisha yake yote, na ndilo ambalo watawala wa kila nchi hawapendi kuulizwa.

Mwaka 1987 yeye na wenzake, miongoni mwao Ophelia Dahl na Jim Yong Kim, walianzisha jumuiya ya Partners In Health, ambayo huko Haiti huitwa Zanmi Lasante. Mwaka 1998 wakaanza kuwapa wagonjwa wa Ukimwi wa Cange dawa za kupunguza makali, bila malipo. Wakati huo dawa hizo zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na wataalamu wa mataifa makubwa walisema kwamba maskini hawana ila kuhubiriwa kinga na kusubiri kufa. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Serikali ya Marekani alifika hata kusema kwamba Waafrika wengi hawajapata kuona saa maishani mwao, basi watawezaje kumeza dawa kwa wakati wake?

Na tulijibu neno hili sisi watu wa pwani. Mvuvi anayejua maji kujaa na kupwa bila ya kutazama ukutani, na bibi kizee anayesali sala tano kila moja kwa wakati wake, hao ndio wasiojua saa? Dr. Farmer alijibu kwa vitendo. Kila mgonjwa alipewa jirani yake mmoja, mtu wa kijiji kile kile, aliyefundishwa kazi na kulipwa ujira, ambaye humwendea kila siku nyumbani, akamshuhudia akimeza dawa, akamsikiliza, akauliza kama watoto wamekula. Pamoja na dawa mgonjwa alisaidiwa chakula, na wengine nauli. Watu waliokuwa wakisubiri sanda wakarudi shamba. Leo bei ya dawa hizo haifiki dola 100 kwa mwaka, na mamilioni ya watu wa Afrika wazimeza. Hali ni ile ile kwa kifua kikuu sugu katika vitongoji vya Lima, nchini Peru, miaka ya 1990: iliambiwa kuwa tiba yake ni ghali mno kwa maskini, wakatibiwa, wengi wakapona, na bei ikashuka baada ya hapo. Kumbe neno “haiwezekani” mara nyingi maana yake ni “hatutaki”.

Wako watakaosema: huyo ni mgeni, tena ametoka katika taifa lile lile lililoikalia Haiti. Ni kweli, naye hakulificha hilo. Aliandika na kulisema wazi kosa la nchi yake. Mtu hapimwi kwa bendera iliyopepea juu ya hospitali alimozaliwa. Wengine watasema: alikuwa akipoteza wakati, daktari mkubwa kutembea kwa saa nyingi milimani ili kumtazama mgonjwa mmoja. Twawauliza: mgonjwa huyo angelikuwa mama yako, ungeliuita huo kupoteza wakati?

Lakini pingamizi kubwa ni letu wenyewe, nalo hatutaki kulificha. Je, si hatari kuwasifu watu wema namna hii? Serikali ikiona wahisani wapo, si itakunja mikono? Hapa yatubidi tuyatazame mambo mawili.

La kwanza ni Rwanda. Mwaka 2005 Serikali ya nchi hiyo ilimwalika Dr. Farmer na wenzake. Hawakujenga hospitali yao pembeni. Walifanya kazi ndani ya mpango wa Wizara ya Afya. Mwezi wa Januari 2011 ilifunguliwa hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera, kuta zake zikiwa za mawe ya volkano ya hapo hapo, zilizojengwa na mafundi wa hapo hapo. Mwaka 2012 ikaongezwa tiba ya saratani, ambayo mwanakijiji hakupata kuiota. Hatusemi kwamba siasa ya Rwanda ndiyo tuitakayo. Chama cha upinzani chajua kuuliza sauti ya mpinzani iko wapi. Lakini katika jambo hili moja la tiba, wenye kuona na wakiri.

La pili ni Haiti yenyewe. Baada ya zilzala ya tarehe 12 Januari 2010, Dr. Farmer na wenzake walijenga Mirebalais hospitali ya vitanda 300, iliyofunguliwa mwaka 2013. Mwaka 2025 magenge yenye silaha yaliuvamia mji huo, na hospitali ikalazimika kusimamisha kazi zake. Daktari aweza kujenga wodi. Hawezi kujenga dola. Pasipo utawala wenye haki, wema wa miaka thelathini waweza kufungwa kwa siku moja. Kwa hiyo hisani si badala ya haki, na wala kazi ya chama cha siasa haiwezi kufanywa na tabibu.

Basi twataka nini? Twaitaka Serikali iache kuifanya dawa kuwa zawadi, ya kukatiwa utepe na kupigiwa picha. Dawa ya mkulima ni haki yake, imo katika kodi aliyolipa. Twaitaka iwalipe ujira wa halali wahudumu wa afya wa vijijini, kwani asiyelipwa hawezi kuulizwa. Nasi wenyewe twajitaka jambo. Kila tawi lijue katika mtaa wake nani mgonjwa wa kudumu, nani mjamzito aliye mbali na hospitali, nani mzee asiyekuwa na wa kumshika mkono. Na liwaendee bila kuwauliza kadi ya chama gani wanayo. Chama kinachomjua mtu siku ya kupiga kura tu hakina tofauti na hao tunaowalaumu.

Wahaiti wana methali isemayo kwamba nyuma ya mlima kuna mlima mwingine. Mkutano ujao wa kila tawi na ufunguliwe kwa swali moja: tangu tulipokutana mara ya mwisho, nani ameugua katika mtaa huu, na nani kati yetu aliyekwenda kumtazama?