Saa Kamili, Ujira Pungufu

Dhana kwamba afanyaye kazi kutwa hawezi kuwa fukara imekanushwa hata katika nchi zenye viwanda vingi. Huko ujira huitwa duni ukiwa chini ya theluthi mbili za mshahara wa kati, yaani ule uwagawao wafanyakazi nusu kwa nusu. Uingereza iliweka kima cha chini mwaka 1999. Kilipopandishwa sana kuanzia mwaka 2016, wenye ujira duni walipungua.

Je, mvuna chumvi wa Bagamoyo apimwe kwa kipimo gani? Sheria ya mwaka 2004 humwekea saa 45 za kawaida kwa juma. Lakini kima kisicholinganishwa na bei ya unga ni tarakimu tupu. Ujira wa pwani hauna budi kupimwa na kutangazwa kila mwaka.