Someni Majina ya Suguta

Tarehe 10 Novemba 2012 kikosi cha polisi wa Kenya kiliingia Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kufuata ng'ombe walioibwa. Wavamizi walikuwa wamejificha wakiwasubiri. Polisi zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao vijana waliotoka chuoni juzi tu, na miili ikakaa siku kadhaa juani kabla haijaletwa yote.

Nimeandika "zaidi ya 40" kwa sababu hesabu ya Suguta haijatulia hadi leo. Taarifa nyingi hutaja 42. Nyingine hupanda, nyingine hushuka. Mwenye ng'ombe waliofuatwa siku ile anaweza kukutajia mifugo yake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe. Lakini sijaona dola iliyowatuma binadamu kuwafuata ng'ombe hao ikisimama mbele yetu hadharani na kusoma orodha moja, jina kwa jina, ikasema: hawa ndio, na hivi ndivyo walivyokufa, na huyu ndiye aliyetoa amri waingie bonde lile.

Miaka miwili baadaye ikawa Kapedo, na polisi wengine wakavamiwa wakauawa. Oktoba 2019 maafisa 11 wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliuawa Garissa gari lao lilipokanyaga bomu lililotegwa barabarani. Juni 2023, Garissa hiyo hiyo, bomu jingine, gari jingine, wanane. Ukisoma rambirambi zilizotolewa kila mara, badilisha tarehe tu na zitafaa msiba wowote. "Tutawasaka wahalifu." "Hawatapata mahali pa kujificha." Sijasikia hata mara moja ahadi ya kumsaka aliyewapakia askari kwenye gari lisilohimili bomu, katika barabara ambayo kila mtu anajua hutegwa mabomu.

Nimeshuhudia mazishi ya mmoja wa askari waliouawa hivyo, kijijini kwetu. Jeneza lilikuwa na bendera, na juu ya bendera kofia yake, imepigwa pasi vizuri kuliko siku yoyote aliyoivaa. Tarumbeta ililia, risasi zikapigwa hewani, watoto wadogo wakaziba masikio. Wakubwa walihutubu kwa saa mbili na nusu. Mmoja alikosea jina la marehemu mara mbili, na mara zote mbili ni mamake aliyelisahihisha, kwa sauti ya chini, akiwa ameketi pale mbele kwenye kiti cha plastiki. Bendera ikakunjwa, mjane akakabidhiwa. Magari yakaondoka na vumbi lake.

Baada ya hapo mjane alianza kazi yake ya kweli, kazi ya kuzunguka na bahasha. Ni bahasha ya kaki ambayo pembe zake zimelegea akaziziba kwa selotepu. Ndani mna cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, na nakala za nakala. Nilimsindikiza siku moja. Tulifika saa mbili asubuhi, tukahudumiwa saa nane. Karani hakuwa mkali wala mtovu wa adabu. Aliitazama ile barua ya chifu, akasema, "Mama, hii imeshapitwa na wakati. Lete nyingine." Barua ilikuwa imezeeka ikiwa mikononi mwao, ikisubiri kusomwa. Nauli ya kwenda na kurudi aliikopa kwa kikundi cha akina mama, na huo ulikuwa mwaka wa pili.

Ndiyo maana hotuba za ushujaa zinanichoma. Shujaa wa aina gani ambaye watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa karo huku fedha alizozifia zikilala kwenye faili?

Halafu ikaja Haiti. Mnamo 25 Machi 2025 afisa mmoja wa polisi wa Kenya aliyetumwa huko alitoweka baada ya kuvamiwa na magenge kule Artibonite. Vyombo vya habari vya Haiti vilisema mapema kwamba amekufa. Hapa kwetu alibaki "hajulikani aliko", miezi sita, na jamaa zake wakabaki bila maiti na bila matanga. Tamko la mkuu wa nchi kwamba amekufa lilikuja Septemba, New York, kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa. Mama wa Mkenya anastahili kuambiwa msiba wake nyumbani kwake, na mtu aliyevua kofia na kuketi.

Najua jibu linalonisubiri. Nitaulizwa nawezaje kuwalilia polisi, baada ya vijana waliopigwa risasi barabarani katika maandamano ya Juni 2024 na waliokufa ndani ya seli. Nawalilia wote, na anayeniambia nichague upande namkatalia usoni. Mkono unaoficha faili la kijana aliyeuawa na polisi ndio huo huo unaoficha faili la polisi aliyeuawa Suguta. Aliyezoea kutowajibika kwa raia hatawajibika kwa konstebo. Polisi wadogo wangalilijua hilo, wangalidai uchunguzi huru kwa sauti kubwa kuliko sisi.

India wana siku yao ya kuwakumbuka polisi, 21 Oktoba. Wanakumbuka askari kumi waliouawa Ladakh mwaka 1959, na kila mwaka, katika gwaride, husomwa majina ya polisi wote waliokufa kazini miezi 12 iliyopita. Inachukua muda mrefu. Watu husimama wakisikiliza.

Nataka hivyo hapa, tena tarehe 10 Novemba, na Baragoi kwenyewe, si katika bustani ya Nairobi. Ripoti ya kila shambulio iwekwe wazi, pamoja na jina la aliyetoa amri. Mafao yalipwe kabla matanga hayajaanuliwa, na karani ndiye amfuate mjane, maana anuani ya marehemu wanayo. Waliitumia kumpa barua ya uhamisho. Na majina yasomwe kuanzia konstebo, wa mwisho kuajiriwa awe wa kwanza kutajwa.

Yule mjane anarudi mjini Jumatatu. Chifu amempa barua mpya.