Springi ya Njia ya Garimoshi Dogo

Je, garimoshi lenu la kuchezea huanguka pale reli zinapogawanyika? Yamkini ndimi za reli hazikubanwa, gurudumu likapenya. Tengenezeni springi. Twaeni uzi mwembamba wa gitaa, wa chuma kitupu, unene wa milimita 0.25 hivi. Shaba haifai, kwani ikipindwa hairudi. Kwa koleo, ipindeni katikati iwe nusu duara, kisha kunjeni ncha zote mbili kuelekea chini. Toboeni matundu mawili katikati ya reli: moja katika kijiti kinachosukuma ndimi, la pili katika taruma la jirani. Nafasi ya ncha izidi kidogo nafasi ya matundu. Hivyo springi hujibana kijiti kipitapo katikati, kisha hukisukuma hadi ulimi ushike imara. Isiguse reli. Ikiwa ngumu mno, tengenezeni nyingine yenye pindo kubwa zaidi. Uzi mmoja watosha springi nyingi.